STAA AMUUZIA MPAMBAJI NDINGA INAYOTELEZA GIA, HALAFU CHAWA WANAMCHEKA ALIYENUNUA!

Mjini hapa kuna msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina linabaki kapuni, mwenye ngoma mbili tatu ambazo hata bibi kijijini anaweza kuimba kiitikio chake. Miaka miwili iliyopita alitua mitandaoni na Harrier nyeusi, ile ambayo mtaani inaitwa tako la nyani. Kapiga nayo picha akiwa kaegemea boneti, kapiga akiwa kashika usukani kwa mkono mmoja, kaitumia hadi kwenye video. Mashabiki wakaijua hiyo gari kama wanavyomjua mwenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka gari ikaingia sokoni. Siyo yadi, siyo dalali, mwenyewe kaitupia kwenye stori: "Naachia mnyama wangu, yuko fiti, njoo na pesa yako tu." Milioni 19.

Aliyekwenda na pesa ni dada mmoja mpambaji wa Sinza. Wadau wa Bongo Movie wanamjua, maana nusu ya waigizaji wa kike wanaoonekana wamependeza kwenye shughuli wamepita mikononi mwake. Kazi yake ni ya kubeba mizigo: sanduku la vipodozi, taa, kiti cha kukunja, alfajiri Mbagala kwa bibi harusi mmoja, saa tano asubuhi Bunju kwa mwingine. Kwa miaka yote hiyo alikuwa anapanda bodaboda na sanduku kapakata. Milioni 12 alikuwa kaziweka akiba. Milioni 7 kakopa kikundi cha vikoba, wanawake wenzake wamemdhamini.

Gari alioneshwa asubuhi, Mbezi Beach, saa mbili kasoro. Raundi moja kwenye barabara ya lami iliyonyooka, dakika kumi hazifiki, AC inapuliza, muziki wa mwenye gari unapiga kwenye spika. Ikabadilisha gia vizuri tu. Dada kalipa, kasaini, kapiga picha na staa. Staa kaiposti: "Nimemkabidhi dada yangu mnyama."

Wiki ya sita, dada kaondoka Dar kwenda Iringa. Mdogo wake alikuwa na sendi-ofu Jumamosi na yeye ndiye wa kumpamba. Mama yake alikaa siti ya mbele, nyuma sanduku la kazi na vitenge vya sare. Chalinze walipita salama, Morogoro salama, Mikumi salama. Ruaha Mbuyuni wakanunua vitunguu. Halafu ikaja Kitonga.

Aliyepita Kitonga anaijua. Ukuta upande mmoja, bonde upande wa pili, kona zinazofuatana, na malori yamebeba mizigo ya kwenda Zambia na Kongo yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Katikati ya mlima dada kakanyaga mafuta, mshale wa RPM ukapanda hadi 4,000, injini ikapiga kelele, gari haiendi. Kakanyaga zaidi, ikazidi kulia tu. Halafu ikaanza kurudi nyuma. Na nyuma kulikuwa na lori.

Kilichowaokoa ni handbreki na vijana wawili waliokuwa wanauza mahindi pembeni, wakakimbia na mawe kuyaweka nyuma ya matairi. Mama, mwenye miaka 63 na miguu inayomsumbua, kashushwa na kutembezwa kandokando ya barabara hiyo na honi zikimlilia. Hakuna aliyeumia. Bredauni mpaka Iringa laki 4. Sendi-ofu bibi harusi kapambwa na mtu mwingine, maana dada alifika saa tatu usiku mikono inatetemeka.

Alipompigia staa, simu ya nne ndiyo ilipokelewa.

"Kaka, gari haina gia. Imenifia Kitonga na mama yangu ndani."

"Dada yangu pole sana. Ila gari ni chuma, inakufa kama mtu. Uliiona, ukaipenda, ukaichukua."

Akakata. Tangu hapo namba ya dada haimpati tena hewani.

Sasa chawa wake wamejaa mitandaoni wanamtetea. Kwanza wanasema gari ya kilomita nyingi ikifa si kosa la mtu. Pili wanasema dada alitaka kiki ya kuendesha gari ya staa. Tatu, na hii ndiyo wanayoipenda kuliko zote, eti mwanamke na gari wapi na wapi, aliiua mwenyewe kwa kuendesha vibaya.

Waanze na sauti za WhatsApp, kisha ndiyo wacheke.

Fundi wa Tabata aliyekuwa anaitengeneza hiyo Harrier aliposikia habari za Kitonga, usiku hakulala. Asubuhi kamtafuta dada na kumrushia mazungumzo yake na staa, ya wiki tatu kabla ya gari kuuzwa. Sauti ya kwanza ni ya fundi: "Bosi, habari za kazi. Ile gari nimeizungusha jana mpaka imepata moto. Kutoka namba mbili kwenda namba tatu inateleza, oili ya giaboksi nyeusi na inanuka kuungua. Hapa kuongeza oili hakusaidii, ni kufungua. Na kama unaiuza bosi wangu, mtu aambiwe." Jibu la staa lina sekunde sita: "Fundi we tia ile dawa ya kopo, iende hata mwezi. Mengine niachie mimi."

Hata mwezi. Alijua hadi siku ambazo kopo lingempa.

Na huyo fundi naye asijifanye malaika kwa kuwa karusha sauti. Dawa aliitia yeye, kwa mkono wake, na elfu 60 akapokea. Angesema "bosi hiyo sifanyi", leo asingekuwa na cha kutubu. Mafundi wangapi mjini hapa wanaishi hivyohivyo, wanamwambia ukweli mwenye gari kisha wanalipwa wamfiche anayekuja?

Kwa asiyeelewa kuteleza gia ni nini, aelewe sasa, maana chawa wanategemea watu wasielewe. Giaboksi ya otomatiki haina klachi ya mguu. Ndani yake kuna pleti nyembamba nyingi zimepangwa kama sahani, na oili ndiyo inayosukumwa kwa presha kuzibana zishikane. Zikishikana, nguvu ya injini inafika kwenye matairi. Zikiwa zimelika, au presha ya oili ikiwa ndogo, zinasuguana bila kushikana. Ndiyo pale injini inalia na gari haivuti. Kila sekunde ya kusuguana inatoa joto, joto linaunguza oili, oili iliyoungua inabana vibaya zaidi, pleti zinalika zaidi. Tatizo linajilisha lenyewe.

Na halianzi siku moja. Gari huwa inasema. Unaweka D inakaa sekunde mbili ndiyo inashtuka. Inachelewa kubadilisha, halafu inapiga kikumbo. RPM inaruka juu kidogo kati ya gia na gia. Asubuhi ikiwa ya baridi iko poa, mchana kwenye foleni ya Ubungo inaanza vituko, kwa sababu oili ikipata moto inakuwa nyepesi na presha inashuka. Hebu mtu ajiulize kwa nini biashara ilifanywa saa mbili kasoro asubuhi, kwenye tambarare, dakika kumi.

Ile dawa ya kopo inafanya oili kuwa nzito na kuvimbisha sili za mpira zilizochoka. Kwa gari ambayo tatizo lake ni kuvuja kidogo tu kwenye sili, inaweza kuipa nafuu ya muda. Kwa pleti zilizolika haifanyi kitu, inafunika tu. Pleti ni kama soli ya kiatu, ikiisha imeisha, hakuna kopo linaloiotesha.

Kwa hiyo hoja ya kwanza ya chawa, kwamba gari ya kilomita nyingi ikifa si kosa la mtu, ni kweli nusu. Kuwa na gari iliyotembea sana si aibu. Nusu ya magari mjini yametumika Japani kabla hayajashushwa bandarini, na mengine yanapiga laki mbili na ushee bila kelele kwa sababu mwenyewe anabadilisha oili. Kosa la staa linaanza pale gari ilipomwambia, fundi akamwambia, yeye akaamua jibu lake liwe mtu mwingine.

Na njia zilikuwepo. Hata kwa staa asiye na muda.

Gari ikianza kuteleza, kitu cha kwanza hakihitaji hata elfu kumi: pima oili. Harrier ya injini ya lita 2.4 ina kijiti cha kupimia giaboksi, tofauti na gari nyingi za siku hizi ambazo hazina na zinapimwa kwa kutambaa chini ya gari. Na haipimwi kama oili ya injini. Gari iwe imepata moto, isimame sehemu tambarare, injini inawaka, unapitisha gia zote kutoka P hadi chini na kurudi P, ndiyo unachomoa kijiti, unafuta, unarudisha, unasoma alama ya moto. Wengi wanapima oili ikiwa bado ya baridi, wanapata jibu la uongo, wanamiminia oili hadi inazidi, nayo ikizidi inatoa povu, na povu halina presha. Kwa hiyo wameongeza tatizo kwa pesa yao wenyewe.

Halafu rangi na harufu. Nyekundu safi, sawa. Kahawia, imechoka. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, pleti zimeanza kuondoka. Ikiwa imepungua tu, basi kuna mahali inavuja, tafuta sili ya ekseli au gasketi ya chini, tengeneza, jaza aina inayotakiwa. Kwa Harrier hiyo ni T-IV, siyo "haidroliki yoyote bosi" ambayo kila gereji inamwaga kwenye kila gari. Wenye CVT ndio wanaoumia zaidi hapo. CVT haibani kwa pleti peke yake, ina mkanda wa chuma unaoshikana na puli, na oili ya kawaida ya otomatiki inaumaliza.

Kisha mashine. Kuchomeka kompyuta kwenye gari ni kazi ya dakika chache, na kama kuna kodi ya giaboksi imehifadhiwa, P0730 kwa mfano, ambayo maana yake ni kwamba kompyuta imeona gia haizunguki kwa uwiano wake, itaonekana. Wakati mwingine ni solenoidi tu, kidude cha umeme kinachofungulia oili njia, na kubadilisha hicho ni nafuu sana kuliko kushusha giaboksi nzima. Staa hakufanya hata hilo. Angeweza kuwa anaficha ugonjwa wa laki mbili, asingejua.

Mjini kuna imani kwamba giaboksi ya zamani ukiibadilisha oili ndiyo unaiua, kwa hiyo usiiguse. Hiyo imani imeua gari nyingi kuliko mashimo ya barabarani. Kilichopo ni hivi: pleti zikiwa zimeshalika, unga wake unaogelea ndani ya oili chafu na unaisaidia kushika kidogo. Ukitoa oili ile, ugonjwa uliokuwepo unaonekana. Oili mpya imeufunua tu. Kwa gari ya kilomita nyingi ambayo bado inavuta vizuri, fundi mwenye akili hawezi kuisafisha kwa mashine ya presha. Anafungua nati ya chini, inatoka sehemu tu maana nyingine imebaki kwenye lile tungi linalokaa kati ya injini na giaboksi, anajaza kiasi kilekile, gari inatembea wiki kadhaa, anarudia. Anashusha na bakuli la chini aangalie sumaku. Tope laini la kijivu ni kawaida. Vipande vya chuma, hapo ndiyo mazungumzo ya kufungua yanaanza.

Na ikifikia kufungua, kuna kuchagua. Kuijenga upya ile ile, au kwenda Gerezani kununua ya mtumba iliyotoka Japani, ambayo nayo ni bahati nasibu maana hakuna anayejua ilitembea kiasi gani kabla ya kufungwa plastiki. Iringa dada katajiwa milioni 2 na laki 3, giaboksi ya mtumba na ufundi. Staa anakusanya zaidi ya hiyo kwa shoo moja ya mkoani.

Au angeuza hivyohivyo kwa kusema! Hili ndilo linalouma. "Dada, gari giaboksi inateleza, fundi kasema ifunguliwe, nipe milioni 15." Watu wananunua gari za namna hiyo kila siku, wanajua wanachonunua, wanatenga pesa ya kutengeneza. Dada angebaki na milioni 4 za vikoba, asingempandisha mama yake Kitonga. Tofauti yote hii, pamoja na mama wa miaka 63 kusimama ukingoni mwa bonde, ni kwa ajili ya milioni 4.

Hoja ya pili, kiki. Haya, dada alipenda gari ya staa. Na staa aliuza nini kama si hicho? Hakuweka tangazo "Harrier inauzwa", kaweka "mnyama wangu". Kajua kabisa kwamba jina lake linafanya mtu asipige maswali. Dada alipotaka kuja na fundi wake, na hili lipo kwenye meseji, kajibiwa: "Dada unaniamini au huniamini?" Mtu wa Sinza, mwenye riziki inayotegemea mastaa, angejibu nini? Angesema simwamini, kesho nani angempa kazi?

Hoja ya tatu, ya mwanamke na gari, ina jibu kwenye nguzo ya mlango. Fundi wa Iringa alipofungua mlango wa dereva kaona kijikaratasi cha Kijapani kimebaki pale, vile ambavyo gereji za kwao hubandika wakibadilisha oili ya injini. Maandishi hakuna aliyeyasoma, lakini namba zinasomeka: 143,500. Dashibodi siku dada anainunua ilikuwa inasoma 98,412. Gari haiwezi kuwa imetembea kidogo leo kuliko ilivyotembea ikiwa Japani. Kuna mtu alirudisha kilomita. Inawezekana ni kabla ya staa, yadini alikoinunua, na kama ni hivyo naye kapigwa na ana haki ya kukasirika. Akasirike huko yadini basi. Wiki sita za dada hazimalizi giaboksi ambayo tayari fundi alishaisikia ikiteleza kabla yeye hajaiona.

Kuna wanaosema "imeuzwa kama ilivyo, kasaini, kesi imeisha." Haijaisha. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inahesabu kuficha kwa makusudi jambo unalolijua kuwa ni aina ya udanganyifu, na aliyedanganywa ana njia ya kuukataa mkataba. Kukaa kimya tu kuna mabishano yake. Lakini kumwaga kopo ili dalili isionekane si kukaa kimya, na hapa kuna sauti ya muuzaji mwenyewe akiagiza. Wanawake wa vikoba wameshamwambia dada asifute hata meseji moja, na mmoja wao ana mtoto anayefanya kazi kwa mwanasheria Magomeni.

Anayetaka kununua gari ya mtu, awe staa au mchungaji, aiombe mchana, ikiwa imezunguka nusu saa na zaidi, aipandishe mlima. Dar milima michache lakini ipo, Kimara pale panatosha. Azime muziki. Aangalie mshale wa RPM kati ya gia na gia. Aje na fundi asiyejuana na muuzaji, na akiulizwa "unaniamini au huniamini" ashike pochi yake arudi nyumbani.

Jumapili iliyopita staa kaposti ndinga mpya, nyeupe, kaifunga riboni, maneno ya chini: "Mungu hamtupi mja wake." Likes maelfu. Dada karudi kwenye bodaboda na sanduku kapakata, marejesho ya vikoba ni kila Ijumaa. Ile Harrier bado iko kwenye gereji Iringa, giaboksi imeshushwa chini imefunikwa na turubai, na watoto wa jirani wanaijua, wanakuja kupiga picha nayo wakiwa wameegemea boneti.